Pasipoti Iliyoshonewa Ndani ya Koti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kusaidiwa ovyo, nimezunguka dunia na mipaka yote inanijua, haya, si yote, ni mmoja tu, nilipomtembelea binti yangu ughaibuni, na hata huo niliuvuka nasinzia. Mimi ni fundi cherehani. Kufika kule nikaambiwa wezi wa pasipoti ni wengi, basi nikaomba sindano, nikaificha yangu ndani ya bitana ya koti, nikashona juu yake kwa uzi wa rangi ileile, kazi safi mno, mpaka nikasahau. Wiki ya pili mzazi mwenzangu, baba yake mkwe wangu, akalisifia lile koti, nami kwa kupenda sifa nikalivua nikampa. Siku ya kurudi, pasipoti haipo. Nikasema imeibiwa. Polisi wakauliza namshuku nani, nikamtazama mzazi mwenzangu, maana tulilala chumba kimoja na anakoroma kama mtu mwenye siri. Wakampekua hadi soksi za sandukuni, naye kasimama kando kavaa koti langu. Ubalozi ukanipa karatasi ya kunirudisha nyumbani.

Juzi mteja kataka mfuko wa siri, nikachoma sindano mara moja tu, nikakumbuka yote. Nilicheka mpaka mteja akabeba kitambaa chake akaondoka. Sasa binti anajifungua mwezi ujao, na kasema, "Baba, hukanyagi hapa kabla hujamwomba radhi baba mkwe." Nimewaza hivi: nimwambie alitume koti nilipunguze mikono, nitoe pasipoti, nisafiri nayo, yaishe kimyakimya. Nakosea wapi?
Fundi

Mzee wangu, unakosea kuanzia kwenye sindano. Pole, nami nimecheka, lakini kuna mtu amepekuliwa soksi kwa ajili yako. Pasipoti hiyo ilifutwa siku uliyosema imeibiwa, na kuipata hakuifufui. Itoe mpakani uone: mjukuu atazaliwa wewe uko kwenye benchi unawaeleza maofisa habari za bitana. Mpigie simu mzazi mwenzako leo. Mwambie afumue mwenyewe, aipeleke ubalozini, nawe uwaandikie polisi kwamba hakuiba. Kisha omba mpya, na safari hii ikae mfukoni kama za watu wengine.

Mshauri, nimepiga. Nilipomaliza kumweleza nikasikia mkasi, halafu kicheko mpaka simu ikamwanguka. Akasema, "Mwenzangu, kumbe ndiyo maana nikiinama linanichoma mbavu. Njoo, lakini chumba chako ni kingine." Binti naye kalainika. Imebaki fomu ya pasipoti mpya, inataka saini ya mtu mwenye heshima anayenijua. Wenye heshima wanaonijua wamekataa wote. Sasa wewe, mimi ndiye fundi wa nyuma ya ofisi yenu ya gazeti. Asubuhi ya harusi yako suruali ilipasuka, ukasimama nyuma ya pazia langu umejifunga taulo nikiishona, na sijamwambia mtu hadi leo. Pita Jumatatu, uje na kalamu yako.