Hema la Bluu la Masanja

Alhamisi.

Ati mimi nimewinda lini? Ndivyo mume wangu Masanja alivyoniuliza jana mbele ya muuza mitumba, na mdogo wake akacheka mpaka akashika tumbo.

Walikuwa wanachagua hema la kwenda nalo kuwinda; mimi nilitaka lile dogo la kijani, zito, lenye kifuniko cha juu. Masanja akachukua la bluu lenye dirisha, kwa sababu shemeji alisema, "Kaka, humu tutalala kama wabunge." Nikaomba limwagiwe maji kwanza. Muuzaji akanijibu, "Dada, hema siyo ndoo."

Safari iliyopita walilala porini chini ya turubai, na Masanja akarudi na kifua kilichomlaza wiki mbili. Nani alikuwa anamkanda? Mimi, na mtoto mgongoni.

Leo nimelisimamisha uani, nikaingia na mwanangu Neema, nikamwambia jirani amwage ndoo moja. Maji yakapita kwenye mishono, yakamtiririkia mtoto kichwani. Yeye alicheka. Mimi nililia.

Nikamwonyesha Masanja. "Porini saa hizi ni kukavu, mama Neema." Na huku ziwani wingu limesimama tangu asubuhi!

Basi. Alipotoka kwenda kufuata kibali chao cha kuwinda, nimesugua mshumaa kwenye mishono yote mpaka vidole vikauma. Nikamwagia tena. Halikuvuja.

Sijamwambia. Kesho anaondoka. Mungu akijalia atarudi mkavu, na najua atakachosema: "Si umeona? Mimi najua kuchagua."

Sawa tu. Arudi, aseme.