Mawe Yaliyoruka Shamba Letu

Wambui wangu,

Huku Giakanja tu wazima. Guka, babu yako, anatembea tena, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeniuliza kwa nini mvua ya mawe hupiga shamba moja na kuruka la jirani. Hewa ya joto hupanda na kubeba matone hadi kwenye baridi, yakaganda. Hurushwa juu tena na tena mpaka yawe mazito, kisha huanguka pale tu wingu linapopita.

Nikiwa darasa la saba nilimwonea wivu Wangui, msichana wa jirani. Majani chai yao yalistawi kuliko yetu, na mama alinisimanga kila siku: "Kikapu ya Wangui imejaa, na yako je?" Mchana mmoja niliona wingu jeusi likielekea kwao, nikaomba liwapige. Likawapiga. Michai yao ilibaki vijiti. Yetu haikuguswa.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya ngwatio, majirani kutusaidia kuchuma. Wangui alifika wa kwanza, kikapu mgongoni.

"Umekuja?" nikamuuliza.

"Si ni zamu yenu? Kwetu hakuna kitu ya kuchuma."

Kikapu chake kilijaa kabla ya changu, kama kawaida. Nilimwonea wivu tena, lakini safari hii haukuwa wivu wa majani chai.

Sasa hivi amekaa hapa jikoni kwangu, anakunywa chai na kukusalimia. Habari ya lile ombi sijamwambia mpaka leo. Nikifunga barua hii, nitamwambia.

Bibi yako, Cucu