Kwa Baba, Fundi wa Breki: Gari Jekundu Limeshuka Kwenye Magogo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotoka chini ya gari lako jekundu, ukanawa mikono kwa sabuni ya unga, ukamwambia Mama kwamba unajinyoosha kidogo kabla ya chakula cha mchana. Hukuamka. Gari uliliacha juu ya magogo, magurudumu yamevuliwa, na vipande vya breki zake vimepangwa juu ya shuka kuukuu kwa utaratibu uleule uliovifungulia. Hakuna aliyethubutu kuliruka shuka lile.

Wengi walikujua kama fundi mkali. Hukuruhusu gari litoke karakanani mpaka mwenye gari akanyage breki mbele yako, uani, lango likiwa limefungwa. Waliokuwa na haraka uliwajibu kwa upole: "Injini mbovu itakuchelewesha. Breki mbovu itakuwahisha." Dereva wa gari la watoto wa chekechea ulimpitisha mbele ya kila mtu, hata mbele ya wakubwa waliokuja na tai na simu mbilimbili, na hukumwomba radhi yeyote kwa hilo.

Chuoni ninakosoma mipango ya miji tunajadili sana maendeleo, na karibu mifano yote ni ya mwendo: barabara pana zaidi, safari fupi zaidi. Mimi naamini kwamba jamii hupimwa pia kwa watu wanaohakikisha tunaweza kusimama mtoto anapokatiza barabara. Ulikuwa mmoja wao. Kazi yako ikifanywa sawasawa, jioni hakuna habari yoyote ya kusimulia.

Nyumbani ulikuwa mtu mwingine kabisa. Ulituamsha kwa mluzi, ulimenya chungwa zima bila ganda kukatika, na ulimtania Mama kwamba ulimwoa kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Majirani walidhani ni mzaha wa mapenzi. Ulikuwa pia ukweli wa kazi. Kila ulipotoa upepo kwenye breki, Mama ndiye aliyekaa kwenye usukani na kukanyaga, nawe ukiwa chini penye gurudumu, ukilegeza skrubu ili mafuta yatoke pamoja na hewa iliyonaswa. Kazi hiyo mliifanya pamoja tangu kabla sijazaliwa, kwa maneno machache sana.

Gari hilo la spoti, la viti viwili na lisilo na paa, lilitengenezwa kabla wewe hujajifunza kutembea. Ulilikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kuku akiatamia kwenye kiti cha dereva. Mdogo wako, fundi wa rangi, alilipaka wekundu unaoumiza macho kisha akalipa jina la Bibi Harusi. "Kila siku anapambwa," alisema, "na siku ya kutoka haifiki." Ulicheka. Ulimwambia sifa za injini zitasubiri, breki kwanza.

Ulipoondoka, mwenye hoteli moja alikuja kumwona Mama. Alitaka kuliweka gari langoni pake, ang'oe injini na kupanda maua chini ya boneti. Alizungumza kwa adabu na Mama alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamjibu: "Nipe mwaka. Mwaka ukiisha na gari hili halijajua kusimama, njoo na udongo wako."

Baba mdogo alishtuka. "Shemeji, umelitia rehani gari la marehemu."

"Nimelitia mikononi mwako," Mama akasema. "Vua hiyo saa, tuanze."

Sote tulijua jambo lililokuwa likipimwa. Kwako gari lililopandwa maua lilikuwa maiti iliyopakwa poda, na hukuwa umetumia miaka yote ile kuandaa maiti.

Pistoni za breki za mbele zilikuwa zimeganda kwa kutu ndani ya nyumba zake za chuma. Baba mdogo, ambaye ukimwachia hata mwiko ataupiga polishi, alitaka kuzing'oa kwa koleo. Mama akamnyang'anya. "Ukiichubua, mpira hautaziba na mafuta yatavuja. Hii si milango yako ya kupaka rangi." Tulizisukuma kwa upepo wa kompresa, tukazipokea kwa kitambaa. Zilizokuwa na afya tulizisafisha. Zilizoliwa na kutu tulichongesha mpya kwa fundi wa mashine. Tulibadilisha mipira yote ya kuziba, tukafunga pedi mpya mbele na viatu vipya vya breki nyuma. Mipira ya kupitishia mafuta ilionekana mizima kwa nje, lakini tulipoikata tuliikuta imevimba ndani, tundu limebaki kama la sindano. Hiyo nayo tukaibadilisha.

Ikabaki kutoa upepo, na hapo ndipo tuliponasa. Mama alikaa kwenye usukani, baba mdogo akalala mahali pako. Walipomaliza, pedali ilizama mpaka chini, laini kama godoro la sponji. Wakarudia, ikazama. Baba mdogo alifungua silinda kuu inayosukuma mafuta kwenye magurudumu, akabadilisha mipira yake upya, akairudisha. Ikazama tena. Muda wa ahadi ulikuwa unayoyoma, na mwenye hoteli alikwisha pita mara moja, eti kutusalimu, huku akilipima lango letu kwa macho.

"Labda mguu umechoka, shemeji," alisema baba mdogo.

"Mguu huu ulikuwa unafanya kazi hii wewe ukiwa bado unafungwa kamba za viatu."

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu, nikitazama mrija unaopeleka mafuta kwenye chupa. Nikaona mafuta yakitoka, kisha yakirudi yalikotoka pamoja na mapovu. Mama alikuwa ameinua mguu ilhali skrubu bado iko wazi.

"Mama, mbona unaachia mapema?"

"Siachii mapema. Amesema haya."

"Haya maana yake nimekusikia," baba mdogo alijibu kutoka chini. "Umesema umekanyaga, nami nasema haya, nafungua."

Mama aliinamia usukani. "Mume wangu akisema haya, naachia."

Ndipo tulipoelewa. Wewe, Baba, ulikuwa ukifungua skrubu bila neno, ukaifunga, kisha ukasema haya, na maana yake ilikuwa kwamba sasa mguu unaweza kuinuka. Kwa baba mdogo, kama kwa watu wote, haya ni haya tu. Hulisema neno hilo kabla ya kufanya jambo, baada yake, na hata asipokusudia kulifanya. Muda wote ule tuliokuwa tukilaumu silinda, mguu wa Mama ulikuwa ukimtii mtu ambaye hayupo.

"Basi tubadilishe neno," alisema baba mdogo, kwa sauti ya chini. "Mimi nitasema achia."

"Neno halibadiliki," Mama akajibu. "Badilika wewe. Fungua, funga, ndipo useme haya. Kabla ya hapo sitaki kukusikia."

"Na nikipaliwa?"

"Kohoa. Usiseme."

Lilikuwa sharti zito kwa mtu anayezungumza hata akiwa ameshika skrubu kwa meno. Alilitimiza. Walianza na gurudumu lililo mbali zaidi kutoka kwenye silinda kuu, wakamalizia la karibu. Karakana nzima ilikuwa kimya, na neno lako lilisikika kila skrubu ilipofungwa, kwa sauti inayofanana na yako kiasi kwamba Mama aliendelea kutazama mbele tu. Pedali ikaanza kupanda. Ikawa fupi na ngumu, na ikasukuma mguu kama inayojibu.

Tulilijaribu gari asubuhi, kwenye mteremko wa mtaa wetu unaoishia kwenye ukuta wa duka la mikate. Mama ndiye aliyeendesha, hakuuliza mtu. Mimi nilikaa kando yake. Baba mdogo alitangulia chini, akasimama katikati ya barabara na mikono kifuani.

"Shemeji, toka hapo," Mama alimwita. "Mwaka huu sina nguvu ya kufiwa tena."

"Pedi nimefunga mimi. Nisiposimama mimi, asimame nani?"

"Lisimame gari. Wewe kaa kando."

Alikaa kando. Mama aliuacha mteremko ulichukue gari, akasubiri kupita pale ambapo mimi ningekanyaga, akasubiri tena, kisha akakanyaga. Bibi Harusi aliinamisha pua na kusimama katikati ya barabara, bila kuvuta kushoto wala kulia. Mwoka mikate akatoka na aproni yake ya unga, akatutazama.

"Mbona mmesimama hapo? Mnakwenda wapi?"

"Tumeshafika," Mama akamwambia.

Baba mdogo alilizunguka gari akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Joto la mbele lilikuwa sawa pande zote mbili, na la nyuma vilevile. Breki zilikuwa zimeshika sawasawa. Mchana huohuo Mama alimpigia simu mwenye hoteli, akamshukuru kwa subira yake na kumshauri atafute chungu kikubwa cha kupandia maua yake.

Gari lina viti viwili tu, Baba. Leo Mama ataliendesha mpaka makaburini ulipolala na kurudi, akituleta mmoja mmoja, na ambaye zamu yake haijafika atasubiri barazani. Mama yako mzazi amekwisha jifunga kitambaa kichwani, na ametangaza kuwa anayetaka kuketi kabla yake azungumze naye kwanza. Huenda kazi hiyo ikachukua siku nzima. Sote tutafika.

Unakumbukwa na mkeo. Na mama yako. Na mdogo wako, fundi wa rangi. Na binti yako. Na wapwa zako wote. Pamoja na mafundi wenzako, ambao hadi leo hufunga lango kwanza.

Hatujakusahau, Baba, wala hatuna nia hiyo.