Mustang Iliyokaa Karibu na Bahari

Al-Malqa, Riyadh
6 Oktoba 2024

Kwa Laban, kifungua mimba wangu na fahari yangu,

Pokea salamu za mama. Kifua kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu? Mimi niko imara. Miguu tu inalalamikia ngazi za nyumba hii, lakini tangu lini mama yako akashindwa na ngazi?

Ninaandika kwa sababu nikipiga simu jikoni, nyumba nzima inasikia. Bosi anapenda magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya injini kubwa yanayonguruma kama mvua ya Kakamega kwenye mabati. Ameona moja kwenye mtandao, Mustang, liko huko Jeddah kwa mzee mmoja karibu na Corniche, ile barabara ya ufukweni. Halijatengenezwa upya tangu litoke kiwandani. Akawa anawaza amtume nani alikague. Mimi namimina gahwa, kahawa yao, neno likanitoka: "Bosi, mwanangu ni injinia wa magari Jeddah. Watu humpangia foleni." Noah dereva akakohoa. Nikamkata jicho.

Basi nenda. Ukilikuta chafu, lioshe, ulipige rangi kidogo, ndipo utume picha. Usiniaibishe.

Mama yako anayekusifu usipokuwepo,
Mama Laban


Al-Baghdadiyah, Jeddah
9 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, na miguu yako ipumzishe, ngazi hazina zawadi.

Injinia, mama? Mimi ni mtu wa bodi na rangi. Derrick wa hapa gereji alinisikia nikisoma ujumbe wako, sasa hata muuza chai ananiita Injinia.

Halafu mambo ya rangi yaache kabisa. Gari kama hilo thamani yake ni kutoguswa. Likikwanguka, mkwaruzo wake ni mali. Nikilipaka, bosi wako atalia mbele ya watoto wake.

Ijumaa hatufanyi kazi. Nitaenda.

Mwanao, Laban (si injinia)


Al-Malqa, Riyadh
10 Oktoba 2024

Mwanangu,

Habari za tangu juzi? Huku tuko salama, madam ana mafua tu.

Nimecheka peke yangu. Kwa hiyo kitu kisichooshwa kwetu kinaitwa kichafu, kwa matajiri kinaitwa cha asili! Mimi hapa nikiacha vumbi kwenye meza, nitamwambia madam ni la asili?

Sasa kaa chini usome. Jana bosi ameniambia hivi: gari likiwa zuri, atalinunua, na wewe ndiye utakayelileta na kulitunza hapa hapa. Atakuhamishia ikama, kibali chako cha kukaa, kwake. Kwenye chumba cha walinzi kuna kitanda kitupu, nimeshakifulia shuka. Laban, nilikuacha ukiwa na sare ya shule. Sasa tuko nchi moja na bado nakuona kwenye simu, ndevu zote hizo sijazishika.

Liangalie kwa jicho zuri. Marehemu baba yako hakununua ng'ombe bila kumwinamia chini, alikuwa akisema ngozi ni ya kuonyesha wageni. Lakini ng'ombe yule yule alimwangalia kwa jicho zuri.

Mama yako anayesubiri


Al-Baghdadiyah, Jeddah
13 Oktoba 2024

Mama,

Natumaini madam amepona, nawe hukuambukizwa.

Nimelikuta. Mama, ni zuri hilo gari! Kijani kilichofifia, viti vya kwanza, na mzee alipoliwasha moyo wangu uliruka. Nilipitisha sumaku bodi yote, ikashika kila mahali, maana yake ni bati tupu, hakuna aliyeziba kutu kwa puti, ule udongo wa kujazia bodi. Nikataka kukupigia palepale.

Kisha nikamkumbuka baba, nikainama. Limekaa karibu na bahari miaka yote hiyo, na hewa ya chumvi imelila kutoka chini. Niligusa chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa bisibisi, ikazama kama kisu kwenye ugali. Nikainua zulia la dereva, kupitia tundu nikaona mchanga wa nje. Gari linasimama kwa mazoea tu.

Bosi wako sijamwambia kitu. Analisubiri neno kutoka kwako, basi nakuachia wewe. Ukisema ni zuri, atanunua, nami nitakuja nalo. Kuficha kutu ndiyo kazi yangu, najua kuificha na miaka ikapita. Ukisema ni bovu, nitabaki hapa. Utakalosema, sitakulaumu. Hata mimi nataka kuja.

Mwanao, Laban


Al-Baghdadiyah, Jeddah
1 Novemba 2024

Mama,

Hujambo? Uko kimya, si kawaida yako. Mzee anauliza kama tunalichukua. Nimwambie nini?

Laban


Al-Malqa, Riyadh
8 Novemba 2024

Kwa Laban wangu,

Salamu, na unisamehe kimya. Mimi mzima. Siku hizo nilikata vitunguu vingi kuliko kawaida, hata madam akauliza kama kuna wageni.

Neno lako nilikaa nalo, nikalipika, nikalipakua, halikubadilika ladha. Nikampelekea bosi gahwa. Nikamwambia, "Bosi, Laban amesema mafi, hakuna gari pale. Juu ni bibi harusi, chini ni makapi."

Akaniangalia. "Lakini wewe si ulitaka aje hapa?"

"Bado nataka," nikasema.

Akanywa kikombe chake, akasema halas, basi. Nikarudi jikoni, nikaikunja ile shuka. Zikapita siku, hakulitaja tena, nami sikuwa na la kukuandikia.

Leo amekuja mwenyewe mlangoni pa jikoni. Huyo mtu hajui hata chumvi inakaa wapi, lakini amekuja, na simu mkononi. Ameona jingine, la aina ile ile, halijaguswa. Liko Taif, milimani, mbali na bahari. Amesema, "Mwambie mwanao akaliinamie. Asipoliinamia yeye, silinunui." Noah alikuwepo. Safari hii hakukohoa.

Nikamuuliza Noah, Taif iko upande gani? Akasema ukitoka Jeddah unakuja Riyadh, iko njiani.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Inama vizuri, na useme ulichokiona. Hata hilo nalo likiwa limeoza, si utakuwa umenisogelea kidogo?

Shuka nimeifua tena.

Mama Laban, mama wa injinia