Kivuli Shingoni mwa Mama Kavira

Jumatatu, tarehe 3
Wagonjwa kumi na mmoja kabla ya saa sita. Mimba saba, figo mbili, shingo mbili. Jeli ya mashine ya ekografi inakaribia kwisha; bila hiyo picha za ndani ya mwili hazionekani. Shingo ya kwanza haikunisumbua: uvimbe wenye vitundu kama sifongo, kingo safi. Huo si wa kuogopa. Ya pili ni ya Mama Kavira, muuza maharage wa mtaa wa Mabanga. Nilimpima ekografi mwaka jana. Sauti inamkwaruza, anadhani ni mafua. Uvimbe mweusi, kingo zimechanika, umesimama wima badala ya kulala, chembe nyeupe ndani. Sikumwambia ninachohofia; nimemwambia tu arudi Alhamisi. Mwoga mimi.

Jumanne, tarehe 4
Nimetafuta picha yake ya mwaka jana. Chembe zilikuwepo. Chini yake, kivuli. Niliandika: "Kivuli cha makovu ya chale." Mganga wa kwao alimchanja shingo utotoni, akasugua majivu, kama wengi wa milimani wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Makovu yale huziba mawimbi ya mashine, tumeyazoea. Ningeinamisha kipimo, kivuli cha kovu kingehama. Hiki kilitoka ndani, kwenye chembe zenyewe. Sikuinamisha. Foleni ilikuwa ndefu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshafika. Sijala.

Alhamisi, tarehe 6
Nimemchoma sindano, nikapaka majimaji ya uvimbe kwenye vioo vinne vya darubini. Hapa mjini sikumpata wa kuvisoma, na uwanja wa ndege umefungwa. Vimeondoka kwa barabara na mfanyabiashara wa Butembo, avisukume mbele hadi maabara.

Halafu nikamwambia. Kwamba huenda ni saratani. Kwamba mwaka jana nilikosea. Alifunga kitenge chake vizuri.

"Asanti kuniambia, mama dokta. Wengine banafichaka."

Nilitaka anitukane.

Jumatano, tarehe 19
Hakuna jibu. Simu ya mfanyabiashara haipatikani. Nimempima tena: tezi mbili zimevimba pembeni mwa shingo, hazikuwepo. Daktari wa upasuaji anasema hamgusi bila jibu la vioo. Sasa naona kila kitu, na siwezi kitu. Nina hasira na kila mtu, kuanzia mimi.

Jumatatu, tarehe 24
Jibu la maabara limekuja kwa ujumbe wa simu. Vioo vilifika na unyevu, vimeota ukungu. Havisomeki. Tutume vingine.

Kwa nani? Kwa njia gani?

Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kwenye mimba.

Ijumaa, tarehe 28
Mvua tangu asubuhi. Wanawake watatu mlangoni, wa parokia ya Mama Kavira, shingo wamezifunga vitambaa. Amewatuma yeye. Sauti imemwisha kabisa, kwa hiyo aliwaandikia jina langu kwenye karatasi, na chini yake: huyu anasema kweli. Nimeisoma mara mbili, nikawarudishia. Wa kwanza ameshapanda kitanda cha kupimia.