Boti Imeonekana

Shoga, acha unachofanya usome hii.

BOTI IMEONEKANA. Ile boti ya ukaguzi ambayo bosi alisema nimeiuza, akaninyang'anya funguo mbele ya ofisi nzima. Iko kwenye tope la bwawa!

Si unajua wiki hii tunapunguza maji ili lango la chini litengenezwe? Mimi ndiye niko kwenye vali. Maji yameshuka kidogo tu, bosi huyo mbio: "Funga, inatosha!" Mkaguzi akasema bado, mpaka kizingiti cha lango kionekane. "Jamani, inatosha!" Jasho linamtiririka. Nikajisemea, huyu ana lake jambo. Nikazidi kufungua.

Ikachomoza pua ya boti. Halafu shoga, KITI. Kiti chake cha kuzunguka, kile alichosema kiko kwa fundi! Kumbe alikifunga kwa kamba ndani ya boti ili avue samaki kama sultani, ikazama naye.

Akanivuta pembeni: "Dada yangu, haya tuyamalize wawili." Wawili? Aliponiita mwizi tulikuwa wawili?

Nikashika kile kipaza sauti cha kuwatahadharisha watu wa bondeni. "Ndugu zangu, boti niliyoambiwa nimeiiba imepatikana topeni, na kiti cha bosi kimo ndani. Asanteni."

Mama kanipigia sasa hivi kutoka huko bondeni. Nikajua nagombezwa. Anasema, "Rudia mwanangu, shangazi yako alikuwa jikoni, hakusikia vizuri."

Nimerudia.