Kifuniko cha Kopo la Sukari

Baba na Mama,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Nguo zikikauka, Kaka azianue. Viungo vyake ni vizima, kinachomsumbua ni uvivu.

Mimi nimeenda kuendesha baiskeli. Ndiyo, na magoti haya haya.

Asubuhi niliamka nimekakamaa kama ubao, Baba ukaniambia, "Lala, mwanangu, usijiumize." Asante, daktari! Yule daktari wa kweli alituambia baridi yabisi haitaki kitanda: nivitumikishe viungo taratibu, maumivu yakizidi nipumzike. Nawe ukawa unaitikia kwa kichwa. Kumbe ulikuwa unasinzia.

Halafu mkaficha ufunguo wa baiskeli. Hilo ningewasamehe. Lakini mkauficha ndani ya kopo la sukari, lile lenye kifuniko kigumu, kwa sababu mnajua vidole vyangu haviliwezi! Watu wazima wawili mlikaa kitako mkalipanga hilo. Hongereni.

Ila hayo ya vidole ni ya zamani. Kile kimpira ninachokiminya kila jioni huku mkinicheka, mlidhani nacheza?

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikirudi. Magoti yakigoma, nitashuka niikokote. Mimi si yai.

Kopo nimelirudisha mahali pake, na kifuniko nimekikaza kwa mikono yangu miwili. Mkitaka chai, anzeni nyinyi kujaribu, kisha Kaka. Mkishindwa wote, nisubirini.

~~Mgonjwa wenu~~
Binti yenu